Ada Tunalipa Sisi, Pombe Analipa Nani?

Kila Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, simu zetu sisi tulio Uingereza huanza kulia kabla hapajakucha. Mmoja anaomba namba ya mtihani ya mtoto wa dada yake, mwingine analalamika kwamba tovuti haifunguki, wa tatu ameshaona divisheni ya nne na hataki kuiandika kwenye kundi la familia. Wengi wetu tunasomesha. Ukitukuta kwenye harusi hapa Leicester, tumevaa vizuri na kupulizia manukato, usidanganyike: nyuma ya suti nyingi kuna mtoto mmoja au wawili nyumbani ambao ada yao inatoka kwenye zamu za usiku.

Matokeo yakiwa mabaya tunatafuta sababu. Walimu ni wachache, vitabu havitoshi, Kiingereza cha kufundishia kinawapiga chenga. Zote hizo ni za kweli. Lakini ipo nyingine tunayoipita kimya kimya, ama kwa aibu, ama kwa sababu sisi wenyewe tunaiweka mezani katika kila sherehe. Nayo ni pombe.

Kabla ya kuja huku nilifundisha biolojia na kemia kwa miaka tisa katika shule ya sekondari ya bweni mkoani Kilimanjaro. Sasa natunza wazee, na nina binti wa miaka 16 anayesoma hapa. Kwa hiyo wazazi wenzangu, haya nayasema kama mwalimu, kama shangazi anayelipa ada, na kama mama. Nitaanza na kule nyumbani, kisha nitafika huku tuliko.

Kutoka kiroba hadi chupa ndogo

Waliosoma Tanzania kabla ya 2017 wanavikumbuka viroba: kifuko kidogo cha plastiki chenye pombe kali, bei yake haizidi sahani ya chipsi, kinaingia ndani ya soksi na mwalimu wa zamu haoni kitu. Shuleni kwetu kila Jumatatu, wanafunzi wa usafi walikusanya vifuko vitupu nyuma ya vyoo vya wavulana. Tulivihesabu. Jumatatu baada ya siku ya matembezi vilikuwa vingi, Jumatatu baada ya mitihani ya muhula vilikuwa vingi zaidi.

Tarehe 1 Machi 2017 serikali ikapiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa viroba. Kenya walikuwa wametangulia: sheria ya mwaka 2010, ambayo watu wanaiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipigania, ilizuia pombe ya vifuko, ikapanga saa za baa kufunguliwa, na ikasema leseni isitolewe kwa baa iliyo ndani ya mita 300 kutoka shule. Uganda nao wakaviondoa vifuko mwaka 2019.

Marufuku ile ilisaidia, na msiwasikilize wanaosema sheria haina maana. Muhula uliofuata nyuma ya vyoo palikuwa pasafi. Lakini baada ya muda zikaja chupa ndogo. Chupa haiingii kwenye soksi, na bei yake ni kubwa kwa mtoto mmoja, basi watoto wakajifunza kuchanga. Watatu, wanne, watano wanatoa kila mmoja alichonacho, bodaboda ananunua, chupa inapita juu ya uzio au chini ya geti, inamiminwa ndani ya soda. Kiroba kilikuwa dhambi ya mtu mmoja. Chupa ya mchango ni jambo la kikundi, na kikundi ni kigumu zaidi kukitoka. Na pale ambapo chupa ni ghali ipo gongo, ambayo mnywaji hajui imetengenezwa vipi wala ina nguvu kiasi gani.

Hapo lazima niseme neno kuhusu mbege, maana wasomaji kutoka Kilimanjaro watanikasirikia nisipoigusa. Mbege ni ndizi mbivu, ulezi, na gome la msesewe la kuipa uchungu. Haina ukali wa pombe ya chupa, na inakuwapo kwenye posa, kwenye msiba, kwenye Krismasi. Mtoto wa Kichaga huionja kwa babu kabla hajajua kusoma. Sisemi mbege ndiyo inayofelisha watoto. Nasema inamfundisha mtoto mapema kwamba kunywa ni dalili ya kukua, na akifika kidato cha pili ndevu zikianza kuota, anatafuta dalili hiyo kwa haraka.

Kuna jambo jingine ambalo wahubiri wetu hawalitaji. Nyumba nyingi zimesomesha watoto kwa pombe. Mama anapika mbege, au busaa, au ulanzi ukienda Iringa, anauza, analipa ada. Nimekaa na mama wa namna hiyo kwenye kikao cha wazazi. Mkuu wa shule alipomaliza kusema kwamba pombe ni adui wa elimu, yule mama akanigeukia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, sasa na hii risiti ya ada niliyoshika, imetoka wapi?" Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo nikisikia hotuba hiyo namkumbuka.

Kinachotokea kichwani

Ubongo wa mtoto wa miaka 15 bado uko kwenye ujenzi. Sehemu ya mbele, inayotusaidia kupanga, kusubiri na kujizuia, huendelea kukomaa mpaka mtu anakaribia miaka 25 hivi. Ndani zaidi kuna sehemu inayoitwa hipokampasi, ambayo kazi yake kubwa ni kupokea mambo mapya na kuyageuza kuwa kumbukumbu. Pombe inaisumbua sehemu hiyo waziwazi: ndiyo maana mtu aliyelewa sana anaweza kuongea, kucheza muziki, hata kufika nyumbani, na kesho asikumbuke chochote. Hakusahau. Ubongo haukuandika.

Kisha kuna usingizi. Watu wengi wanaamini kwamba pombe inaleta usingizi mzuri, na ni kweli inamlaza mtu haraka. Lakini nusu ya pili ya usiku inaharibika; mtu anashtuka, anageuka, anaamka na kiu, na ule usingizi wa ndoto unapungua. Sasa fikirieni mwanafunzi wa bweni. Amesoma prepo mpaka saa nne usiku. Aliyoyasoma yanahitaji usiku huo huo ili yatulie kichwani, kwa sababu sehemu kubwa ya kuhifadhi hufanyika tukiwa tumelala. Akinywa baada ya prepo, ni kama mtu aliyeandika ubaoni kutwa nzima kisha akampa mwingine dasta.

Mwaka 2000 watafiti wa San Diego, Marekani, walichapisha uchunguzi wa vijana wa miaka 15 na 16 waliokuwa wamezama kwenye pombe. Waliwapima wakiwa wameacha kunywa kwa wiki kadhaa, si wakiwa walevi, wakawalinganisha na wenzao wasiokunywa. Walikuta wanakumbuka takriban asilimia 10 pungufu ya mambo waliyofundishwa muda mfupi kabla. Hao walikuwa wanywaji wazito, tusimtishe mtoto aliyeonja kikombe Krismasi. Lakini asilimia 10 ina maana gani kwa mtoto wetu?

Kwa kidato cha nne Tanzania, alama 45 ni C na alama 44 ni D. Kwenda kidato cha tano unahitaji C au zaidi katika angalau masomo matatu. Mtoto wa kawaida, si kipanga wala si wa mkiani, mara nyingi anaishi papo hapo kwenye 46, 48, 50. Toa sehemu ya kumi kwenye 48: unabaki na 43 na kitu. Hakufeli kwa kishindo. Hakuna aliyesema "huyu ni mlevi". Ameteleza alama tano katika masomo mawili, na mlango wa kidato cha tano umefungwa. Hivi ndivyo pombe inavyofelisha wengi wao, polepole, na kwenye ripoti haionekani kama pombe. Inaonekana kama mtoto ambaye "hana bidii".

Na msiseme "wangu ana akili, haitamdhuru". Mwaka 2011 wachumi watatu walitoa utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo cha jeshi la anga cha Marekani. Kule sheria ya kunywa ni miaka 21, kwa hiyo waliweza kulinganisha wanafunzi waliotimiza miaka 21 muda mfupi kabla ya mitihani na wale waliokuwa bado kidogo. Alama zilishuka mara tu baada ya mwanafunzi kuruhusiwa kunywa, na walioshuka zaidi ni wale waliokuwa wakiongoza. Hao ni vijana wakubwa, wa chuo chenye nidhamu ya kijeshi, wanaoamshwa alfajiri. Mtoto wa miaka 15 ambaye mwalimu wa zamu ni mmoja kwa mabweni manne atakuwaje?

Mpwa wangu

Mtoto wa kaka yangu alimaliza kidato cha pili akiwa na alama 71 za hisabati. Tulifurahi, nikamtumia mkoba na kikokotoo kizuri. Katikati ya kidato cha tatu ripoti ikaja na 38. Kaka yangu akasema ni utoto, atakua. Wiki tatu baadaye shule, ambayo iko mkoa mwingine na sitaitaja, ikampigia simu aende kumchukua mwanawe. Amekutwa na chupa bwenini, amesimamishwa siku 21.

Nilisubiri siku mbili ndipo nikaomba kuongea naye.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Hujambo?"

"Sijambo." Kisha kimya kirefu.

Sikumuuliza habari ya pombe. Nilimuuliza fizikia inakwendaje. Hapo ndipo alipofunguka, kwa sababu alitegemea kila kitu isipokuwa swali hilo. Mwalimu wao wa fizikia aliondoka mwezi wa tatu na hakuletwa mwingine. Somo likawa giza, hisabati nayo ikaanza kumponyoka, akaanza kuogopa kuingia darasani. Jumamosi wavulana watano wanachanga. "Ukinywa, shangazi, fizikia haikutishi tena. Mpaka Jumatatu."

Nawaomba wazazi mlisome hilo mara mbili. Sisi tunasema alikunywa ndipo akafeli. Yeye anasema alianza kufeli ndipo akanywa, akazidi kufeli, akazidi kunywa. Katika miaka yangu ya ualimu niliona njia zote mbili, na mara nyingi huwezi kujua ipi ilitangulia. Ninachojua ni kwamba ukishughulikia chupa peke yake ukaiacha fizikia, Jumamosi ijayo watachanga tena.

Pesa ya mchango ilitoka wapi? Baba yake alikuwa anampa kidogo, kupitia kwa patroni, kwa daftari na sahihi. Lakini ndugu yetu mmoja aliyeko Marekani alikuwa anamtumia zaidi ya mara mbili ya hiyo kila mwezi, kwa simu ya muuza duka jirani na shule, bila kumwambia mtu. Alisema hakutaka mtoto ajisikie mnyonge mbele ya wenzake. Kikao cha familia kwenye WhatsApp kilidumu siku nne. Kuna watu hawajasalimiana vizuri mpaka leo. Mimi simlaumu kwa moyo wake. Lakini mtoto wa bweni, asiye na simu wala mahali pa kwenda, akiwa na elfu hamsini taslimu ambayo mzazi wake haijui, atainunulia nini? Kantini inauza maandazi.

Na zile siku 21? Nilikaa kwenye kamati ya nidhamu kwa miaka kadhaa, najua kwa nini shule inasimamisha. Wazazi wengine wanataka kuona hatua, na uongozi unataka kulala usingizi. Ila angalieni alichokosa. Wiki hizo tatu darasa lao la kemia lilikuwa kwenye dhana ya moli. Mwanafunzi akiikosa moli kidato cha tatu, kidato cha nne chote cha kemia anatembea gizani, kila hesabu inaanzia hapo. Tumempata mtoto anayekunywa kwa sababu ameachwa nyuma na somo moja, tukamwadhibu kwa kumwacha nyuma na masomo yote. Tena tukampeleka nyumbani, mtaa wenye vilabu vitatu, baba yuko kazini kutwa. Viboko havifanyi vizuri zaidi. Nimewaona wavulana waliochapwa Ijumaa wakanywa Jumamosi, safari hii kwa hasira.

Kaka yangu alifanya jambo ambalo wengi kwenye ukoo walilipinga. Alimtoa bweni akampeleka kwa bibi, shule ya kutwa ya kata, ambayo haina jina wala basi la njano. Karibu na bibi anaishi mwalimu mstaafu wa fizikia, mzee mkali mwenye ubao ukutani kwenye baraza, na pesa iliyokuwa ada ya bweni sasa inalipa tuisheni yake jioni nne kwa wiki. Pesa ya mfukoni inapita kwa bibi. Bibi naye, bila kuombwa, alihamishia pipa lake la mbege kwa jirani mpaka mjukuu amalize kidato cha nne. Wateja wake walinuna. Aliwaambia pipa litarudi, mtoto hatarudi kidato cha tatu.

Msidhani mambo yamenyooka. Muhula uliopita alirudi usiku kutoka mahafali ya wenzake akinuka, na bibi akamlaza sebuleni ili amsikie akipumua. Hisabati imepanda hadi 57. Fizikia amepata 44. Mmeshaona hapo juu 44 na 45 zinatofautiana wapi.

Jumamosi mchana

Kila nikisoma habari za nchi zilizofaulu katika jambo hili, narudi kwenye Iceland. Mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wao wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya mwezi uliopita. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Hawakufika huko kwa mabango ya kutisha. Waliweka saa ya watoto kuwa ndani usiku, wazazi wa shule moja wakawekeana ahadi za maandishi, umri wa kununua pombe ni miaka 20 na unasimamiwa, na serikali za mitaa zikawapa familia fedha za kulipia michezo, muziki na shughuli nyingine za mtoto baada ya masomo. Kwa ufupi, waliondoa muda mtupu na wakawafanya wazazi wajuane.

Sasa nakumbuka Jumamosi za shule yetu. Usafi asubuhi, kufua, chakula cha mchana, kisha hakuna kitu mpaka prepo ya jioni. Mpira mmoja kwa wavulana mia tatu. Wasichana hata huo mmoja hawakuupata. Kama ningepewa fedha za kupambana na pombe pale shuleni, nisingenunua bango hata moja. Ningenunua mipira, nyavu, gitaa mbili, na kumlipa mwalimu posho akae nao mpaka jioni.

Kwa hiyo mnapomtuma ndugu kwenda kuangalia shule kabla ya kulipa, msimtume akaangalie jengo. Mwambieni aulize wanafunzi wanafanya nini Jumamosi kuanzia saa nane mchana. Aulize pesa ya matumizi inatunzwa na nani, na kama mtu mwingine asiye mzazi anaweza kumtumia mtoto. Aulize walimu wa sayansi ni wangapi na kama wapo kweli, si kwenye orodha. Aulize mtoto akikutwa amekunywa, zaidi ya kumsimamisha, nani anaongea naye. Na ripoti itumwe kwenu nzima, kwa picha, somo kwa somo. Wastani unaficha. Mpwa wangu alipokuwa na 38 ya hisabati, wastani wake bado ulikuwa 55 kwa sababu ya Kiswahili na uraia, na kaka yangu alikuwa akisomewa wastani tu kwenye simu.

Huku tuliko

Wapo wanaodhani mtoto akiwa Ulaya au Ghuba mambo ni tofauti. Oman pombe inauzwa kwa leseni na mahali maalumu, Marekani lazima uwe na miaka 21. Uingereza kununua ni miaka 18, ingawa hapa England kijana wa miaka 16 au 17 anaweza kunywa bia au divai pamoja na chakula mgahawani akiwa na mtu mzima. Mganga mkuu wa England alishauri mwaka 2009 kwamba utoto usio na pombe kabisa ndio bora, na kama ni kunywa basi isiwe kabla ya miaka 15. Watoto wetu wanaingia kwenye sherehe za wenzao wakiwa na miaka 14.

Nyumba zetu huku naziona za aina mbili. Kuna nyumba ambayo pombe ni haramu, neno limesemwa mara moja na mazungumzo yamekwisha. Naiheshimu imani hiyo, na watoto wengi inawakinga kweli. Tatizo ni yule mmoja ambaye haikumkinga. Rafiki yangu wa Mombasa ana mtoto wa kiume aliyekuwa mwaka wa mwisho wa GCSE. Wiki ya mitihani ya majaribio alikunywa vodka bustanini na wenzake akazimia. Wenzake, nao watoto wa nyumba kama hiyo, walimlaza kwenye benchi wakakimbia. Mpita njia mwenye mbwa ndiye aliyeita gari la wagonjwa. Alipona. Baadaye walipoulizwa kwa nini hawakupiga simu nyumbani, walisema walimwogopa mama yake. Usiku wa baridi ile.

Na kuna nyumba yetu sisi wengine, ambapo kila kipaimara na kila siku ya kuzaliwa kreti zinapangwa jikoni na watoto ndio wanaotumwa: "Mpelekee anko bia nyingine." Mtoto anapita na chupa miaka kumi. Akifika 15 anamaliza mabaki yaliyomo, na tukimkuta tunacheka.

Kwa vyovyote nyumba yako ilivyo, hili mtoto wako alijue. Mwenzake aliyekunywa akishindwa kuamshwa, akipumua polepole au kwa kukatikakatika, mwili ukiwa wa baridi, akitapika huku amelala, hiyo si usingizi. Kwa ngozi yetu nyeusi usitafute ubluu usoni. Angalia midomo, fizi na kucha. Alazwe ubavu, asiachwe peke yake, asipewe kahawa wala asimwagiwe maji ya baridi. Uingereza wapige 999, Marekani 911, Oman 9999, nchi za Umoja wa Ulaya 112. Na wanaopokea simu huko wanatafuta kumwokoa mtu, hawataanza kwa kumuuliza mama yake ni nani.

Na binti yangu tuna makubaliano. Tuliyaandika kwenye karatasi, iko kwenye mlango wa friji, chini ya sumaku ya twiga. Akiwa popote, saa yoyote, akiona mambo yameharibika, yake au ya mwenzake, anapiga simu nakwenda. Ndani ya gari hakuna maswali. Maswali ni kesho baada ya chai, na siyo ya kupiga kelele. Yeye kwa upande wake anasema anakwenda wapi na nani, na anarudi saa tuliyokubaliana. Dada mmoja kanisani aliniambia huko ni kumpa ruhusa ya kunywa. Nilimwambia asome mstari wa mwisho wa ile karatasi, unaosema usiku kabla ya mtihani hakuna kutoka.

Amepiga mara moja tu. Ilikuwa saa saba na robo usiku, Novemba, mvua inanyesha. Siyo yeye aliyelewa, alikuwa rafiki yake, mtoto wa Kipolandi. Nilikwenda na kitenge juu ya nguo ya kulalia, nikawakuta wawili kwenye kituo cha basi, binti yangu amemlaza mwenzake ubavu na kumfunika koti lake mwenyewe.